Fundo Moja Kifua, Mafundo Mawili Tumbo

Kabla sijafumbua mdomo, apeni. Wote. Wewe nawe weka chini huo ungo, kunde hazikimbii. Sema: nitakayoyasikia barazani hapa yataishia barazani hapa, nikiyatoa nje ulimi univimbe nishindwe hata kumeza uji. Haya, umeapa? Na wewe? Usinichekee, apa vizuri, nakujua. Wewe ukisikia jambo saa nne, saa sita limeshafika sokoni. Kwakwakwa! Mimi? Mimi nilipoambiwa niape nilijitia nakohoa, ndiyo maana nina ruhusa ya kusema.

Basi. Hapo zamani palikuwa na watu wazima watatu walioingia chuo kusomea dawa za miti shamba. Watu wazima, nasema, wenye mvi zao na wajukuu wao, wakabeba madaftari. Na kama mngewaona, mngechoka nao kama nilivyochoka mimi.

Wa kwanza ni Bi Mwajabu. Huyu mganga wa mitishamba, miaka hamsini na saba, thelathini kati ya hiyo anatibu watu kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake. Kusoma hajui, ila jani akilishika gizani atakuambia limechumwa kabla ya mvua au baada. Siku moja wakaja watu wa afya. Wakamwambia, "Mama, huna cheti, hufungui." Wakatia kufuli. Na wagonjwa wanaendelea kuja! Wanakuja na watoto mgongoni, wanakuta kufuli, wanakaa chini wanaliangalia. Bi Mwajabu akaona hapana, nitakwenda kukitafuta hicho cheti, hata kama kiko juu ya mlima. Na kweli chuo kiko juu ya mlima.

Wa pili ni Riziki, mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa. Huyu alifika kidato cha pili, kwa hiyo akapelekwa akamsomee na kumwandikia mama mkwe. Binti mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba radhi.

Wa tatu ni Mzee Singano, mpimaji wa mkonge aliyestaafu. Miaka thelathini na moja kwenye mizani ya shamba. Chuo alikifuata kwa kuwa alisikia kina mizani ndogo inayopima hata punje ya mtama. Wallahi, hicho tu! Pua yake imekufa kwa ugoro, na macho yameanza kuingia ukungu.

Mkuu wa chuo ni Mwalimu Mkunde, mwanamke mdogo tu, Bi Mwajabu angeweza kumzaa na nafasi ikabaki. Siku ya kwanza akasimama mbele akatoa sheria tatu.

"Hapa kila dawa ina jina, na jina linatajwa. Hapa kila dawa inapimwa peke yake, bila kitambaa, bila kamba. Hapa kila mtu ana kazi yake, mchumaji achume, mpimaji apime, mwandishi aandike, asiingilie mtu kazi ya mwenziwe. Tumeelewana?"

Wote watatu: "Ndiyo, mwalimu."

Ndiyo, mwalimu! Jamani. Laiti ndiyo ingekuwa dawa, dunia nzima ingekuwa imepona.

Mwaka ukaenda. Ukafika mtihani wa kupanda mwaka wa pili. Wakapangwa kwa vikundi, na hao watatu wakawekwa kundi moja. Watengeneze dawa ya kikohozi, waiweke mezani, mkaguzi kutoka wilayani aje aikague. Bi Mwajabu mchumaji, Mzee Singano mpimaji na mpishi, Riziki mwandishi.

Bi Mwajabu akapanda kilimani na kikapu chake. Akachuma kivumbasi cha kikohozi. Na kwa kuwa yuko huko huko, na yeye ni yeye, akachuma na sanamaki ya kufungulia tumbo, maana mpishi wa chuo alikuwa amemlalamikia hajapata choo siku nne. Akakausha, akatwanga, vyote vikawa unga wa kijani, ukiviangalia ni mapacha. Akafunga kila kimoja kwenye kitambaa chake.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo penye kisa. Kwa kina Bi Mwajabu, dawa ikishachumwa haitajwi jina mpaka mgonjwa ainywe. Ukiitaja, inapoa, inakuwa mchicha. Kwa hiyo wanaijua kwa fundo. Fundo moja, dawa ya kifua. Mafundo mawili, dawa ya tumbo. Kivumbasi akakifunga fundo moja. Sanamaki akaifunga mafundo mawili. Akaviweka mezani pa Mzee Singano, akanyamaza.

Singano akauliza, "Bi Mwajabu, hivi ni vitu gani?"

Bi Mwajabu akaweka kidole mdomoni.

"Nakuuliza wewe, dada yangu. Kipi ni kipi?"

Bi Mwajabu akabonyeza kidole zaidi, akatoka zake kwenda kupenga kamasi. Ndiyo, alikuwa na mafua! Mganga mzima, baridi ya mlimani imemkamata, pua imeziba kama chupa ya mafuta ya taa.

Singano akabaki na mizani yake. Akakumbuka, bila kitambaa, bila kamba. Akafungua fundo moja, akamimina, akapima, akarudisha. Akafungua mafundo mawili, akamimina, akapima, akarudisha. Sasa kufunga. Kwake yeye fundo kazi yake ni kuzuia kitu kisimwagike, basi. Mzigo mkubwa ulikuwa kivumbasi, akaupiga mafundo mawili. Mzigo mdogo ulikuwa sanamaki, akaupiga fundo moja. Akajifuta mikono, ameridhika huyo!

Bi Mwajabu akarudi. Akaangalia. Akaona fundo moja. Akanyoosha kidole: hicho. Hakusema neno. Singano akakitia sufuriani, akachemsha, akachuja, akamimina kwenye chupa.

Riziki akaletewa chupa aandike. Akainama. Akanusa. Na kivumbasi, mnakijua nyie, kikichemka nyumba ya tatu wanapiga chafya. Hii haikunukia kivumbasi hata kidogo. Riziki akajua. Miaka saba nyumbani kwa Bi Mwajabu, atakosaje kujua? Akavuta kanga ya mama mkwe. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akavuta mara ya tatu.

Bi Mwajabu akageuka: "We mkamwana, andika! Kanga yangu si kamba ya mbuzi!"

Riziki akaandika: Dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja.

Mnaona lakini? Mnaona? Ningekuwepo mimi ningepiga ukelele mpaka mlima ukahama.

Akaja mkaguzi, shati jeupe, suruali ya kijivu iliyonyooshwa ikakata. Na kwa bahati yake alikuwa anakohoa wiki nzima, vumbi la barabara. Akaona chupa. "Hii nitaijaribu mwenyewe," akasema. Akanywa.

Nisiwaambie. Haikupita saa moja. Kwanza aliinuka katikati ya hotuba yake. Kisha akatembea kwa hatua fupi fupi. Kisha akaacha kutembea, akakimbia. Na ufunguo wa choo cha wageni ulikuwa umetundikwa msumarini ofisini kwa mkuu, upande wa pili wa uwanja. Kwakwakwa! Ngoja, ngoja nipumue. Ndoo tatu za maji zilikwenda. Tatu! Na huku wanafunzi wote wamepanga mstari wanamwona anakatiza uwanja.

Mwalimu Mkunde akawaita ofisini, mbele ya mkaguzi.

"Mmenidhalilisha. Mmekidhalilisha chuo. Mkaguzi angekuwa mzee dhaifu, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Mmoja wenu arudie mwaka. Wawili wapande. Semeni nani mwenye kosa."

Bi Mwajabu akasema, "Mimi nimechuma sawa. Nimekausha sawa. Nimefunga sawa. Fundo moja kifua, mafundo mawili tumbo, ndivyo alivyofunga bibi yangu, na sijawahi kumpa mtu dawa siyo, miaka thelathini. Pua ilikuwa imeziba, macho yangu yakaona fundo moja. Aliyegusa mafundo yangu amegusa maandishi yangu. Kosa langu mimi liko wapi?"

"Nilisema siku ya kwanza jina litajwe!"

"Ulisema, mwanangu, nami nikaitikia. Kuitikia ni adabu."

Mwalimu akashika kichwa.

Mzee Singano akasema, "Mimi nimepima sawa. Uliniambia bila kamba, nimetoa kamba. Nilimuuliza huyu mara mbili kipi ni kipi, akaniwekea kidole mdomoni. Ningejuaje kama kamba inasema? Kwenye mkonge kamba ilikuwa kamba. Kosa langu mimi liko wapi?"

"Ungenusa!" Bi Mwajabu akamrukia.

"Na pua gani, dada yangu? Hii? Hii hata nyumba ikiungua mimi naambiwa na majirani."

Wote wakamgeukia Riziki. Binti anatazama sakafu.

"Mimi nilijua," akasema. "Sikatai. Lakini mwaka nilioolewa, nilisema mbele ya wageni kwamba mchuzi wa mama hauna chumvi. Mama hakunisemesha mavuno mpaka mavuno. Kwetu mkamwana hamrekebishi mama mkwe mbele za watu. Nilimvuta kanga, mara tatu. Na wewe mwalimu ulisema mwandishi aandike, asiingilie kazi ya mwenziwe. Nimeandika. Kosa langu mimi liko wapi?"

"Kosa lako ni kwamba ulijua!" Singano akapiga meza. "Sisi wawili hatukujua, wewe ulijua!"

"Usimfokee mkamwana wangu," Bi Mwajabu akasema. Sasa ndiyo anamtetea! Baada ya kumfokea mwenyewe!

Mwalimu akasema, "Nipeni jina moja." Bi Mwajabu akasema Singano. Singano akasema Riziki. Riziki, akiulizwa, akanyamaza. Hata hapo! Hata hapo akanyamaza, jamani, mtu huyu mngemfanya nini?

Na kila jina lina msiba wake. Akirudia Bi Mwajabu, kufuli linakaa mwaka mwingine mlangoni, na wale akina mama na watoto wao wanaendelea kuliangalia. Akirudia Riziki, Bi Mwajabu anapanda mwaka wa pili peke yake, hajui a wala be, cheti atakipata wapi? Kufuli ni lile lile. Akirudia Singano, yeye mwenyewe alisema, "Mwalimu, mwakani macho haya hayataiona mizani."

Mwalimu Mkunde akachoka. Akatoa karatasi moja, akasema, "Basi. Aliyekunywa ndiye atakayeandika jina." Akampa mkaguzi, naye akaenda nayo nyumbani, ameketi upande upande kwenye gari.

Je, nyie, nani aliyestahili kurudia mwaka? Aliyeficha jina? Aliyefungua mafundo? Au aliyenusa akanyamaza?

Mnanitazama nini? Semeni, tena upesi. Nilisema hapo zamani, lakini ni Jumanne hii iliyopita. Karatasi iko kabatini kwangu chini ya sahani za wageni, haina jina, na kesho asubuhi inarudi chuoni. Ameniambia, "Mama Hatibu, mimi nimeshindwa, hebu nisaidie." Mimi nisaidie! Mimi niliyeifua ile suruali ya kijivu!

Ndiyo huyo aliyenihadithia. Mkaguzi mwenyewe, Baba Hatibu, mume wangu, yumo humo ndani anajifanya amelala. Chupa iliandikwa kijiko kimoja, yeye akanywa kikombe.