Mlango Uliohamahama

Hodi hadithini! Itikieni basi: Karibu, Bibi, viatu acha nje, uongo ingia nao! Sawasawa. Sasa nimeingia.

Ilikuwa zamani, zamani ile kunguru bado mweupe, na nazi kabla ya kuanguka ilisema kwanza, "Jamani, pisheni!" Kulikuwa na mji ambao jina lake limeliwa na mchwa. Watu wa mji huo hawakujenga kama sisi. Sisi tunainua kuta, halafu tunatafuta mlango. Wao, mlango kwanza! Miimo miwili, kizingiti, na ubao wa mfenesi, vyote vinasimama peke yake kiwanjani, na tangu hapo pameshakuwa nyumbani kwa mtu. Ukitaka kumwamkia mwenyewe, unapiga hodi mlangoni, hata kama hakuna ukuta na mbuzi wanapita pembeni. Usicheke, Chausiku. Adabu ni adabu.

Basi palikuwa na mtu akiitwa Mbaruku. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Mwanakheri. Walikuwa wawili tu, baba na mwana, chungu kimoja, taa moja. Sasa Mwanakheri kaposwa, na baba wa bibi harusi ndiye ajengaye nyumba. Mbaruku akachagua kiwanja kando ya nyumba yake mwenyewe, akachimba, akasimamisha mlango ukaelekea barabarani. Akakaa nyuma yake, akafurahi.

Huyo Mbaruku alikuwa na ugonjwa mmoja. Alishika usemi wa "mgeni njoo, mwenyeji apone" kama mtoto ashikavyo muwa. Kila apigaye hodi ni mgeni, na kila neno la mgeni ni dawa.

"Hodi!" Akaja mzee Hatibu.

"Karibu!"

"Mbaruku, wewe una akili? Mlango barabarani! Kila mpita njia atajua binti yako leo kala nyama au mchicha."

Mbaruku akakuna kichwa. "Kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akang'oa, akahamisha, akachimba, akasimamisha. Mlango ukaelekea shamba la mihogo. Kisha akamwambia fundi Kibwana, "Upande wa barabara jenga ukuta mtupu. Mlango uko kwingine."

"Hodi!" Akaja Fumo, mwindaji.

"Karibu!"

"Shambani? Nguruwe mwitu ataingia bila hodi, akamkuta bwana harusi kitandani!"

Akang'oa, akahamisha, akachimba, akasimamisha. Mlango ukaelekea kisimani. "Kibwana, upande wa shamba jenga ukuta mtupu. Mlango uko kwingine."

"Hodi!" Akaja Bi Mkasi, jirani.

"Karibu!"

"Kisimani tena! Sisi wanawake wote tutakaa hapo na ndoo zetu, tupige soga hadi jioni. Huyo mtoto atapika saa ngapi? Najisema mwenyewe, najijua."

Nanyi mnasemaje, wanangu, alifanyaje? Enhe! Akang'oa, akahamisha, akachimba, akasimamisha. Sasa umebaki upande mmoja, ule wa nyumba yake mwenyewe. Mlango kwa mlango.

Katikati ya haya Mwanakheri alikuwa akija na bakuli la uji. Hakupiga hodi. Apige kwa nani, naye ni wa humo humo? Akaweka uji, akasema, "Baba, mimi kuhusu huo mlango..."

"Ngoja, mwanangu. Nina wageni."

Akaondoka. Kesho akaja tena. "Baba, na dirisha, mimi naona..."

"Ngoja, mwanangu, wageni!"

Na kweli walikuwepo, wanabishana juu ya madirisha. Dirisha kubwa litaingiza mwizi. Dogo litazuia moshi kutoka. Ukiliweka chini, mbuzi atatia kichwa. Ukiliweka juu, utachungulia kwa ngazi? Mbaruku akasikiliza huku, akasikiliza kule, hadi asijue kama dirisha ni kitu cha kuonea au cha kuogopa. Akasema, "Kibwana, madirisha acha kwanza."

Mwisho akaja dada yake mkubwa, Mwana Mize. Hodi yake ilitisha kunguru.

"Mbaruku! Mlango wa mwali utazame mlango wako? Mkweo akitoka kupiga mswaki, macho yako haya hapa! Watasema kaoa binti na baba yake juu!"

Mbaruku akaona kizunguzungu. Barabarani hapana, shambani hapana, kisimani hapana, kwake hapana. Akaung'oa mlango, lakini safari hii hakuusimamisha. Akauegemeza kwenye lundo la udongo, akasema kwa sauti ndogo, "Kibwana, upande huu jenga ukuta mtupu. Mlango uko kwingine."

Kibwana alikuwa mtu wa kutii. Makuti yalikuwa yameshaezekwa. Akajenga ukuta wa nne, yeye akikandika kwa nje na Mbaruku akikandika kwa ndani. Wakakandika, wakakandika. Tonge la mwisho la udongo likaziba tundu la mwisho.

"Kibwana," ikasikika sauti ukutani, "nani kazima jua?"

Chekeni sasa, nawaruhusu. Lakini msicheke sana, kwani wakati huo huo wazee wa bwana harusi walikuwa wanakuja. Desturi ya mji ilikuwa hii: kabla ya ndoa, wazee hupiga hodi mara tatu kwenye nyumba mpya, na baba wa mwali huwashika mkono juu ya kizingiti. Hodi ya tatu ikipita bila mkono, wanarudi kwao, na ndoa ndiyo basi.

Wakaukuta mlango umelala kwenye udongo. Wakatazamana. Mkubwa wao akaukoholea. "Hodi!"

"Karibuni!" Mbaruku akajibu kutoka ukutani.

Wakazunguka nyumba. Ukuta. Wakazunguka tena. Ukuta.

"Tupite wapi?"

"Sijui! Jamani, hata mimi sijui!"

"Hodi ya pili, Mbaruku!"

"Karibuni!" Na sauti ya Mbaruku sasa ilikuwa na machozi. Alipapasa ukuta gizani, upande huu, upande ule, hajui tena barabara iko wapi wala kisima kiko wapi. Mwanangu nimemwozesha na kumwachisha siku moja, akawaza.

Mzee akafungua kinywa kwa hodi ya tatu. Mwanakheri akatoka mbio nyumbani kwa baba yake, jembe begani.

"Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya tatu niachieni mimi."

Akasimama mbele ya ukuta ule wa mwisho, mbichi bado. Akasema, "Hodi, Baba."

Mbaruku aliijua sauti ile tangu ilipokuwa kilio cha kuomba ziwa. Haikuwahi kumpigia hodi.

"Mwanangu, wewe nawe hodi?"

"Mbona ni wageni tu unaowasikiliza, Baba. Na mimi kesho ni mgeni wako."

Mbaruku akalia kwa sauti. "Karibu," akasema. "Karibu, mama. Mlango uwe hapo uutakapo."

Mwanakheri akapiga jembe. Pigo la kwanza likaenda juu mno, likatoboa tundu, na tundu hilo likaachwa liwe dirisha. Akapiga tena na tena, udongo ukamwagika, na baba yake akamwona amesimama kwenye mwanga, na nyuma yake, mlango wa ile nyumba ya Mbaruku mwenyewe.

"Hapa," Mwanakheri akasema. "Nikifungua asubuhi nione na wako umefunguliwa. Siku usipofunguliwa, nije."

Mbaruku akanyoosha mkono, umejaa tope, juu ya udongo uliobaki chini, ndio kizingiti, na mzee wa bwana harusi akaushika. Mwana Mize alinung'unika mwaka mzima. Na anung'unike.

Basi, wanangu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kabla hujamwuliza mgeni, mwulize atakayelala humo. Nami niliingia kwa hodi, natoka kwa kwaheri. Uongo nilioingia nao natoka nao, nikavae viatu vyangu. Kilichobaki ndani ni chenu.