Mchongaji na Uso Uliochoka

Nimetumiwa hadithi hii na mwenzangu wa kwaya, nami nakutumia wewe. Isome taratibu. Ukimaliza, mpelekee mtu unayejua amechoka.

Miaka mingi sana iliyopita, katika milima ya Auvergne nchini Ufaransa, aliishi mchongaji wa sanamu za kanisani aitwaye Guibert. Alikuwa na mke, Ermesenda, na mama mzazi aliyepooza. Kwa miaka minne Ermesenda ndiye aliyemlisha mama mkwe wake, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Guibert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi tu.

Siku moja Abate Odilo, mkuu wa monasteri ya pale, alimwita.

"Fundi, nichongee Bikira Maria ameketi, amempakata Mtoto Yesu. Nataka uso wa malkia. Watu wakimwona wasahau shida zao."

Guibert akachagua gogo la mti wa jozi. Akalikomba upande wa mgongoni ili lisipasuke likikauka. Akachonga kiti, mikunjo ya vazi, mikono, Mtoto. Kazi ilikwenda vizuri hadi alipofika usoni. Hapo akakwama. Alikuwa amekwisha kuchonga nyuso za malkia ishirini na tisa, zote zinafanana, na yeye mwenyewe zilikuwa zimemchosha. Wiki tatu zikapita, patasi iko mkononi, sanamu haina uso.

Adhuhuri moja aliingia ndani kunywa maji. Akamkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, mgongo wima, kichwa cha mama mgonjwa kimelala mapajani mwake. Bakuli la uji lilikuwa limepoa pembeni.

"Kwa nini hujala?" Guibert akauliza.

"Sema polepole. Ndiyo kwanza amepata usingizi. Nikisogea ataamka."

"Umekaa hivyo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Guibert akasimama pale na kikombe chake. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita, na hakuwa amewahi kuuona uso ule. Akarudi kwenye karakana bila kunywa maji. Kwa siku nne akachonga: macho mazito, mashavu yaliyobonyea, mdomo wa mtu aliyeacha kulalamika zamani.

Ermesenda alipoiona sanamu aliugusa ule uso kwa kidole.

"Kumbe uliniona," akasema, machozi yakamtoka.

Lakini Abate Odilo alikasirika.

"Hiki nini? Nani atampigia magoti mwanamke aliyechoka? Bikira Maria hachoki!"

"Baba, alisafiri na mimba yake, akajifungulia zizini, akakimbilia Misri na mtoto mchanga. Asichoke?"

"Chonga mwingine."

"Sina nguvu, Baba. Huyu ukimkataa, mtie motoni. Mti wa jozi huwaka vizuri."

Abate hakuichoma, ila aliamuru ifungiwe stoo, nyuma ya kanisa, hadi apatikane fundi wa mjini. Guibert akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi haukuisha, hali ya mama mgonjwa ikabadilika. Akaomba apakwe mafuta matakatifu. Ermesenda akapanda kilima mbio hadi monasteri. Abate hakuwepo kanisani wala bustanini. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Akausukuma.

Abate Odilo alikuwa ameketi sakafuni, paji la uso ameliegemeza kwenye magoti ya sanamu, analia.

Ermesenda akataka kurudi nyuma, lakini Abate alikuwa amekwisha kumsikia.

"Usiondoke," akasema bila kugeuka. "Mimi huja hapa kila siku. Miaka kumi na tisa watu wananiletea misiba yao, njaa zao, ugomvi wao. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nimechoka. Huyu sikuhitaji kumwambia."

Kisha akainua macho. Akamtazama Ermesenda, akaitazama sanamu, akamtazama tena.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Baba. Tafadhali twende, mama anatuacha."

Abate akachukua mafuta, wakateremka wote wawili. Mama akapakwa, na jioni ile akafariki ameshikwa mkono na mkamwana wake, mwanawe amepiga magoti kando.

Baada ya mazishi, Abate aliibeba ile sanamu mwenyewe akaiweka ndani ya kanisa, mbele kabisa. Watu walianza kuja kutoka vijiji vya mbali. Hawakusahau shida zao. Walikaa mbele yake kimya, kama mtu anavyokaa na ndugu yake, kisha wakaondoka na mabega mepesi.

Na Guibert? Alfajiri ya siku iliyofuata mazishi alimwona mkewe anajiinua kitandani ili aanze kazi, kwa mazoea tu, ingawa hapakuwa tena na mgonjwa wa kugeuza.

"Lala," akamwambia. "Mimi nipo."

Ermesenda akalala hadi jua likapanda juu ya paa, na mumewe alikaa mlangoni akifukuza kuku wasije wakamwamsha.

Funzo: Anayewabeba wengine naye huchoka, ila hasemi. Usisubiri aanguke ndipo umwone. Mtazame usoni leo, kisha mpokee mzigo.