Gitaa la Betri za Kuazima

Wapendwa, naomba nianze kwa kuuliza. Ni nani humu kanisani anakumbuka kuanika betri? Naona akina mama wanacheka. Vijana wanatazamana, hawajui tunaongea nini. Sisi tulizichomoa kwenye redio zikishaanza kukoroma, tukazipanga juu ya bati au juu ya jiwe lililopata jua, tukazigeuzageuza kama mtu anayechoma mahindi. Jioni ukizirudisha, redio inaongea tena, angalau taarifa ya habari iishe. Sijui jua lilifanya nini mle ndani. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya umeme yalinipita. Ninachojua ni kwamba ziliamka.

Basi leo nimewatungia mfano, na ndani yake kuna betri za namna hiyo.

Alikuwepo mpiga gitaa mmoja, mkulima wa tangawizi, katika usharika mdogo wa milimani, enzi ambazo umeme kwao ulikuwa ni kitu cha kutazama tu, taa za watu wengine kule chini bondeni. Gitaa lake alilichonga mwenyewe kwa mbao za sanduku la chai. Nyuzi zake nyingine zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Ndani alifunga kidude alichokitoa kwenye simu mbovu ya zamani, waya ukatoka hapo ukaingia kwenye redio kaseti, na sauti ya gitaa ikatokea redioni. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mafua kidogo. Lakini jamani, ilikuwa tamu. Ili uisikie ilibidi uimbe kwa adabu, na watu walisogeza mabenchi mbele mpaka magoti yakagusa madhabahu.

Redio ile ilikuwa na taa ndogo nyekundu usoni. Ilipoanza kufifia, mwalimu wa kwaya aliruka beti akaenda moja kwa moja kwenye amina.

Sasa, redio hiyo ilikula betri nyingi kwa mara moja, na hakuna nyumba iliyoweza kuilisha peke yake. Kwa hiyo usharika ulijiwekea utaratibu. Jumamosi kila nyumba inachomoa betri kwenye tochi yake au redio yake, inazianika, na Jumapili asubuhi inaziazimisha kanisani. Kila betri ilikuwa na alama ya kwao. Mmoja amefunga uzi, mwingine amekwaruza kwa msumari, mwingine amepaka rangi ya kucha ya binti yake. Aliyechelewa alikuta redio imeshajaa, akakaa ibada nzima na betri zake mfukoni, amenuna. Ndiyo maana watu hawakuchelewa. Ibada ikiisha kila mtu anarudishiwa zake, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa.

"Mzee wa kanisa, hii siyo yangu. Mimi nilileta betri, wewe unanirudishia maiti."

"Ni yako hiyo. Haina uzi wa bluu?"

"Uzi ni wangu. Betri siyo."

Wanagombana, wanacheka, wanaulizana habari za wagonjwa na za ndama. Mnakumbuka ibada za namna hiyo? Nusu ya ushirika ilikuwa nje, baada ya baraka.

Kati ya watu hao alikuwepo bibi mmoja, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Huyo alifika kabla ya wote, betri za tochi yake amezifunga kwenye pindo la kanga. Maongezi hakuwa nayo. Ukimwambia shikamoo, anasema marahaba. Ukimwuliza, bibi, njiani kuna matope? Marahaba. Ukimwambia, bibi, samahani, umekalia mwavuli wangu. Marahaba. Watu walisema ana maringo. Alitoa betri zake, akakaa benchi la mbele, macho kwenye redio, akitabasamu mpaka mwisho.

Yule mpiga gitaa, lakini, moyoni hakuwa na raha. Siku moja aliteremka mjini kuuza tangawizi, akapita kwenye duka la vyombo vya muziki, akaona amplifaya. Ninyi mnaijua, ni lile sanduku linaloikuza sauti ya gitaa. Nyeusi, ina pembe za chuma, mbele imefunikwa kitambaa kama suti ya bwana harusi. Mwenye duka alikuwa mtu mzuri, akamruhusu ajaribu. Akagusa uzi mmoja tu. Sauti ikampiga kifuani, ikatoka dukani, mpaka wauza vitunguu wa barabarani wakageuka.

Ndugu zangu, alirudi mlimani akiwa mtu mwingine. Ile redio aliyoipenda akaanza kuionea aibu.

Akamwambia mkewe, "Mama Elinami, tutajibana. Nataka kile kitu."

Mkewe alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. "Tutajibana wapi tena? Mwenzangu, hapa palipobaki ni ngozi."

"Nimechoka kumpigia Mungu kwa vitu vya kuazima. Kila Jumapili nakusanya betri za watu kama ombaomba. Nataka nimpigie kwa kitu changu mwenyewe."

"Kwani alishawahi kulalamika kwamba hasikii?"

Swali hilo hata mimi, nilipokuwa natunga mfano huu, lilinishinda.

Basi wakajibana. Chai ikawa ya chumvi. Bati zilizokuwa zimenunuliwa kwa ajili ya jiko zikauzwa, mama wa watu akaendelea kupika kwenye moshi, macho yanamtoka machozi. Kondoo akaenda mnadani. Viatu vya ndoa vikaenda. Msimu wa tangawizi ulipokuwa mzuri hawakuuonja, na ulipokuwa mbaya waliuonja mara mbili. Mtoto akiuliza, baba, sukari iko wapi? Baba anasema, iko dukani inaimba.

Simcheki. Mimi ninayesema nanyi niliwahi kuiota pikipiki mpaka nikawa nafumba macho wakati wa maombi naiona rangi yake. Bwana anisamehe. Na huyu wa kwetu alikuwa na nia nzuri kuliko mimi. Alitaka sifa za Mungu zisikike. Kuna ubaya gani hapo? Niambieni, kuna ubaya gani?

Miaka ikapita. Nguzo za umeme zikapanda mlima, zikafika kanisani. Na fedha ya tangawizi ikafikia bei ya ile amplifaya. Aliibeba kichwani kutoka barabarani, ameifunga kwenye blanketi lao la kitandani, na mkewe nyuma yake akiangalia isije ikagusa tawi.

Jumapili ile nayo ilikuwa Jumapili. Vioo vya madirisha vilinguruma. Wazee walisimama. Vijana waliokuwa wanapita njia waliingia. Mpiga gitaa alilia akiwa anapiga, na kama ningekuwepo, nami ningelia.

Lakini kabla ya ibada kulitokea jambo dogo mlangoni. Yule bibi alifika wa kwanza kama kawaida yake, akafungua pindo la kanga, akanyoosha mkono wenye betri. Mpiga gitaa akamwendea akicheka kwa furaha.

"Bibi yangu, leo pumzika. Tumepata chombo. Rudi nazo nyumbani zikumulikie."

"Marahaba," bibi akasema, na mkono wake ukabaki palepale.

Basi yeye akavikunja vile vidole vya bibi, kimoja kimoja, juu ya betri zake. Kwa upole kabisa. Kwa heshima kabisa. Halafu akaenda kuchomeka waya.

Baada ya hapo mambo yalibadilika polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema yalianza lini. Watu walianza kufika kwenye wimbo wa pili. Mabenchi yakarudi nyuma, maana mbele palikuwa panaumiza masikio. Ibada ikiisha kila mtu na njia yake, kwa kuwa hapakuwa na cha kurudishiwa. Na benchi la mbele, upande wa redio, likabaki wazi. Bibi haonekani.

Mpiga gitaa akafikiri, nimemuumiza masikio mama wa watu. Akachukua paketi ya sukari, akapanda mpaka nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Akamkuta bibi uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Najua kelele zimekushinda. Nitapunguza sauti."

"Marahaba."

Akapaza sauti, "Bibi, nasema nitapunguza sauti!"

Bibi akaweka ungo chini, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayeoshwa uso, akamgeuza kwenye mwanga. "Usinipigie kelele, mwanangu, unachoka bure. Geuka nione mdomo wako, halafu sema polepole."

Akasema polepole.

"Kelele?" bibi akacheka. "Mimi masikio yalizimika tangu ule ugonjwa ulionilaza, mtoto wangu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Hilo gitaa lako sijawahi kulisikia hata siku moja. Wanasema ni zuri. Hongera."

Mpiga gitaa alikaa chini kwenye maharage.

"Sasa bibi, miaka yote ile ulikuwa unafuata nini kanisani?"

"Taa," akasema. "Ile taa nyekundu ya redio. Nilikuwa siioni midomo yenu wote kwa pamoja, nikawa natazama taa. Ikiwaka, najua mmeanza kuimba. Na betri zangu zimo mle. Ninyi mnaimba, mimi nawaka." Akaokota ungo wake. "Taa ya lile sanduku lako jipya nimeiona. Kubwa, nzuri. Lakini pale mimi simo."

Mpiga gitaa akamwambia, "Bibi, Jumapili njoo nazo."

Bibi akamtazama mdomo vizuri, asije akawa amekosea kusoma. Akauliza, "Nije nazo za nini, mwanangu? Si una umeme?"



Mfano wangu unaishia hapo. Mnanitazama kana kwamba nimewaficha kipande. Sikuwaficha. Sijui alimjibu nini, kwa sababu nilipofika hapo kalamu ilinigomea, nikaanza kujitazama mwenyewe.

Mtu huyu alijinyima kweli. Alikunywa chai ya chumvi, na Mungu aliiona. Mimi sisemi arudishe amplifaya dukani, na vijana wa kwaya msiondoke hapa mkasema mwinjilisti wenu amelaani vyombo. Lakini angalieni alichokionea aibu. Alionea aibu kuomba. Akataka kutoa peke yake, na siku alipofanikiwa, akavikunja vidole vya mwenzake. Na kanisa zima, siku ile, liliona ni ukarimu. Mimi niliyeutunga mfano, hata mimi niliona hivyo mwanzoni.

Je, Bwana wetu alishindwa kuwa na punda wake mwenyewe? Mbingu na nchi ni zake, na bado aliingia mjini juu ya punda wa kuazima. Yuko mtu fulani siku ile alisimama barabarani akijisemea, yule ni punda wangu.

Sasa sisi tuje kwetu. Tuna kanisa zuri siku hizi. Tumesakafia. Tuna mlinzi wa kulipwa, tuna mtu wa kufagia, chakula cha sherehe tunaagiza kwa wapishi. Kila kitu kimepatikana kwa kujibana kwetu, nami nashukuru. Lakini nikitazama mabenchi naona sehemu zilizo wazi, na kila mara nimewaambia wazee wa kanisa kwamba watu wamepoa imani. Nimelisema hilo hapahapa madhabahuni. Hivi tulishawahi kuuliza walikuwa wanaleta nini, na ni nani aliwaambia wapumzike?

Mmoja namjua. Mwezi uliopita, mbele ya baraza la wazee, nilimwambia mama mmoja wa usharika huu asihangaike tena na maua. Alikuwa anayaleta kila Jumapili kwenye kopo la maziwa ya unga, maua ya uani kwake, mengine yana sisimizi. Nikamwambia, mama, pumzika, tumenunua ya plastiki, hayanyauki. Nilisema kwa upole kabisa. Naye akasema ahsante.

Haya hapa ya plastiki, mnayaona. Kweli hayajanyauka.

Mama, leo umekaa kule nyuma karibu na mlango, na zamani ulikaa hapa mbele. Sitakutaja jina. Haya nitayatoa mimi mwenyewe baada ya ibada, na Jumapili ijayo meza hii itakuwa tupu mpaka uingie. Ukichelewa tutakungoja, hatutaanza wimbo. Njoo na kopo lako, na sisimizi wake.

Na wewe mwingine, ambaye nimekusahau, nishike mkono pale mlangoni, uniambie ulikuwa unaleta nini.