Siku ya Samli na Bomba la Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za mawe na kufunga milango kwa makomeo, palikuwa na mtaa mmoja chini ya jabali refu. Wenye nyumba walikuwa Tembo, Kiboko na Bi Nyati. Kila nyumba ilikuwa na kiyoyozi chake, nacho kilinguruma ngrrr, ngrrr, mchana kutwa. Ndani baridi, nje moto. Migongo ya viyoyozi vyote ilitazama uchochoro mmoja, na katika uchochoro huo aliishi Pimbi.

Pimbi alikuwa mgane. Mkewe alifariki kiangazi kilichotangulia, kwa joto la uchochoro huo. Alimwachia binti mmoja, Riziki, na kibakuli cha udongo. Sasa kiangazi kilikuwa kimerudi, na Riziki alikuwa ameanza kuhema kama mama yake alivyohema.

Pimbi akaenda kwa wakubwa. Akawaeleza kwamba ndani ya jabali mna pango lenye maji ya baridi. Bomba moja likipita nyumba zote, maji yatabeba joto la kila nyumba na kulirudisha pangoni, na huko mwamba utayapoza tena. Pampu moja ndogo itafanya kazi ya viyoyozi vyote.

Wakamcheka. Kiboko alisema hawezi kulalia baridi iliyokwisha kupita chumbani kwa Nyati. Bi Nyati alisema afadhali aungue. Tembo alimshauri Pimbi ahame.

Pimbi hakubishana. Alirudi nyumbani, akampepea binti yake, akawaza. Ndipo alipoikumbuka Siku ya Samli.

Hiyo ilikuwa desturi ya mtaa ule. Mwisho wa kiangazi wageni hupita nyumba kwa nyumba, na kila mwenye nyumba hukigeuza kibakuli cha samli juu ya kichwa chake mwenyewe. Samli ikiwa imeganda, haianguki, naye huheshimiwa mwaka mzima. Mwaka uliopita samli ya Kiboko ilimtiririka hadi puani, na watoto walikuwa bado wanamwita Mzee Mafuta.

Kwa hiyo Pimbi alianza na Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Nina baridi ya siri. Nitakuletea wewe peke yako."

"Marahaba. Tembo hatajua?"

"Ukinyamaza, atajulia wapi? Wewe chimba mtaro, uingie ukuta huu utokee ukuta ule. Bomba nitalaza mimi. Halafu zima kiyoyozi."

"Nikizima, watasema kimekufa."

"Waache waseme. Siku ya Samli utageuza kibakuli, nao watafumba midomo."

Kiboko alicheka peke yake, akachimba. Kwa Tembo, Pimbi alisema maneno hayohayo. Kwa Bi Nyati pia. Wenye nguvu walichimba viwanja vyao kwa siri, na Pimbi, kwa udogo wake, alipenya chini ya kuta na kuunganisha kipande na kipande. Kisha akaiwasha pampu pangoni.

Viyoyozi vikanyamaza, kimoja baada ya kingine. Tembo alimpa Kiboko pole kwa kuharibikiwa. Kiboko alimpa Tembo pole vilevile. Bi Nyati aliwapa pole wote wawili, akaingia ndani na kucheka hadi pembe zikagonga mlango.

Siku ya Samli ikafika. Wageni walijaa kwa Tembo. Akakigeuza kibakuli: samli haikuanguka. Wakaenda kwa Kiboko, na baadhi walijitenga kando wasirushiwe matone. Haikuanguka. Kwa Bi Nyati nako ikawa hivyohivyo.

"Haiwezekani," alisema Tembo. "Baridi ya siri ni yangu peke yangu. Pimbi aliniletea."

"Alikuletea wewe?" Kiboko aliuliza. "Aliniletea mimi."

Bi Nyati alitoka nje. Aliifukua ardhi kwa pembe, bomba likaonekana. Wakalifuata. Lilitoka kwake likaenda uchochoroni, kisha jabalini. Wakalifuata upande wa pili: lilipita kwa Kiboko, likapita kwa Tembo, likarudi jabalini kulekule.

Pimbi alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Umetudanganya, kijitu wewe," alisema Bi Nyati.

"Nimewadanganya, mama. Kama mnataka, ling'oeni. Lakini likikatika kwa mmoja limekatika kwa wote, na wageni wa ng'ambo ya mto hawajafika bado. Nani aanze?"

Tembo alimtazama Kiboko. Kiboko alijipangusa pua, ingawa haikuwa na kitu. Hakuna aliyeanza.

"Na wewe umepata nini?" Tembo aliuliza hatimaye.

Pimbi akasogea kando awaonyeshe. Bomba lilipita chini ya ukuta wake kabla ya kurudi jabalini. Kitandani Riziki alikuwa amelala, pumzi yake imetulia, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kuanza alikuwa amejifunika shuka.

Juu ya rafu palikuwa na kile kibakuli cha udongo alichoachiwa na mkewe, kimejaa samli. Marehemu hakuwahi kushiriki Siku ya Samli, kwa kuwa samli ya uchochoroni haikuganda hata mara moja. Pimbi alikichukua kwa mikono miwili, akakiinua juu ya kichwa chake, akakigeuza.

Wakubwa walisogea karibu. Samli haikuanguka.

"Hodi hapa," alisema Kiboko taratibu, akavua kofia yake kama afanyavyo mgeni.

Wanangu, baridi yako haijakamilika ikiwa joto lake umemwachia jirani.