Mboga Chungu za Bibi Okbun

Hapo zamani, lakini zamani ya karibu, maana watoto walikuwa wameshazoea kompyuta na watu wazima wameshaanza kuziogopa, palikuwa na shule ndogo katika milima ya Korea. Ilikuwa na wanafunzi arobaini, mwalimu wa kompyuta aitwaye Pyo, na mpishi mmoja, Bibi Okbun, ambaye watoto wote walimwita Shangazi. Msiniulize jina la shule. Nikiwatajia mtasema mna ndugu huko.

Bibi Okbun alipika kwa moyo. Goti lake moja lilikuwa bovu, lakini kila asubuhi alipanda mlima kuchuma mboga za porini, chungu kwelikweli, akazikaanga kwa ufuta. Wakati wa kula alisimama kando ya ndoo ya mabaki, tabasamu usoni, akitazama kila sahani inayorudi.

Siku moja ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Ilisema shule inatupa chakula kingi mno. Mabaki yasipopungua nusu kufikia mwisho wa muhula, jiko litafungwa, na chakula kitaletwa kwa lori kutoka mjini. Bibi Okbun akaisoma mara mbili, kisha akaenda kumenya vitunguu, apate kulia bila kuulizwa.

Mwalimu Pyo akawaambia watoto, "Muhula huu si tunasoma akili mnemba na sayansi ya data? Basi tusome kwa faida. Tupime kinachobaki, tuifunze mashine, nayo itwambie kipikwe nini na kiasi gani."

Danbi wa darasa la sita akasema, "Mimi nitapima." Akapima. Siku arobaini alisimama na mizani kando ya ndoo. Akapima wali, akapima supu, akapima samaki, akaandika. Alinuka kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mpaka rafiki zake wakahama dawati.

Muyeol, wa darasa hilohilo, akasema, "Mimi nitaifunza mashine." Akaifunza. Akaandika programu, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Akaandika tena, ikakubali, naye akapiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka mbio ofisini.

Mashine ikatoa jibu: punguzeni supu ya samaki, ongezeni mboga chungu maradufu. Watoto wanazipenda mno. Kwa siku arobaini halijarudi hata jani moja.

Mnacheka? Bibi Okbun hakucheka. Alifurahi mpaka akasahau goti. Akapika maradufu, na wiki hiyo ndoo ikafurika mboga kuliko siku zote. Akaonja moja, akauliza kwa sauti ndogo, "Wanangu, nimekosea chumvi?" Kila mtoto akatazama viatu vyake.

Hapo akasimama Garam, msichana wa darasa la tatu, mtunza sungura wa shule.

"Shangazi, usinichukie," akasema. "Mboga zako ni chungu. Hatuzili. Siku zote tunazitia mfukoni tunawapa sungura, ila wiki hii mifuko haikutosha. Wote nimewaona bandani. Hata Dada Danbi. Hata Kaka Muyeol."

Sasa nanyi semeni kweli: nani angezimwaga mboga mbele ya macho ya mwanamke aliyezipandia mlima na goti bovu? Hakuna. Kila mtoto alizificha, na kila mtoto, ila Garam, alidhani ni yeye peke yake. Danbi aliandika sifuri huku mfuko wake umejaa majani. Muyeol aliisomesha mashine sifuri hizo huku wake umelowa mafuta. Na sungura walikuwa wamenenepa, mmoja hata mlango wa banda haumtoshi.

Bibi Okbun akaweka upawa chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watoto wakadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Hata mimi sizipendi!" akasema. "Tangu utotoni sizipendi! Napanda mlima kila siku kwa sababu nyinyi mnazimaliza!"

Basi kazi ikaanza upya. Danbi akapima ndoo, akapima na mifuko. Muyeol akafuta yote ya mwanzo, akaifunza mashine tena. Garam akazunguka meza kwa meza akiuliza, na safari hii watoto wakamjibu kweli. Muhula ulipokwisha, mabaki yalikuwa chini ya nusu. Jiko likabaki, na Bibi Okbun akabaki nalo.

Kwa furaha akatangaza zawadi: "Aliyeokoa jiko langu atachagua chakula cha shule mwezi mzima. Mmoja tu! Nikiwaachia watatu mtapigana."

Danbi akasema, "Ni mimi. Pua yangu ilikaa ndooni muhula mzima. Bila vipimo, mashine ingejua nini?"

Muyeol akasema, "Ni mimi. Vipimo ni karatasi tu. Nani aliyevigeuza vikawa chakula cha kutosha, kisichozidi? Tena nilifuta kazi ya wiki nyingi nikaanza moja, bila kununa."

"Ulinuna," Danbi akasema.

"Siku mbili tu."

Garam akasema, "Ni mimi. Nyinyi mlikuwa na mizani na mashine, na bado mkamwongezea Shangazi mboga. Mimi nilisema, na nilipokuwa nikisema niliogopa kwamba hatanipenda tena."

Muyeol akamgeukia. "Mdogo wangu, ulituona bandani tangu siku ya kwanza. Ungesema siku ile, tusingepoteza siku arobaini."

Garam akainamisha kichwa. "Na nyinyi, mfukoni mlikuwa na nini?"

Danbi na Muyeol wakafunika mifuko yao kwa viganja. Mwalimu Pyo alijaribu kuitetea mashine, akaambiwa mashine haili, akakaa.

Jumatatu inakuja, sufuria zinangoja, na Bibi Okbun anawatazama watatu wale hajui amwite yupi. Msinitazame mimi, kazi yangu ilikuwa kusimulia. Aliyepima, aliyeifunza mashine, au aliyesema kweli kwa kuchelewa: je, nani alistahili?