Fisimaji na Majitaka ya Kilimani

Paukwa!
Pakawa!

Mmeitika kivivu. Nyie watoto mliokaa nyuma, na nyie watu wazima mnaojifanya hamsikii: Paukwa!
Pakawa!

Haya, sasa mko nami.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga na kuhama na kugombana kama sisi, paliondokea Fisimaji mmoja, yule mnyama mwogeleaji alaye samaki. Aliishi bondeni, ukingoni mwa kijito, na watoto wake wawili. Mmoja akiitwa Telezi. Wa pili akiitwa Zamia.

Juu kilimani palikuwa na mji wa wanyama. Jumbe wa mji alikuwa Ngiri. Mji ulikua, ukakua, ukajaa. Walioga, wakafua, wakakamua matunda, wakaenda haja. Uchafu wote uliingia mfereji mmoja. Chururu, chururu, chururu, mpaka kijitoni kwa Fisimaji.

Maji yakawa meusi. Samaki wakaelea matumbo juu. Telezi akashikwa na tumbo asubuhi, akaharisha mchana kutwa, na jua lilipozama akawa hapumui tena.

Fisimaji akamzika mwanawe. Hakukaa matanga. Akakusanya umande majanini, akamnywesha Zamia, akamwacha mahali pakavu. Akapanda kilima anahema, hehe, hehe, hehe.

"Hodi! Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Bi Fisimaji. Mbona mbio hivyo?"

"Maji yenu yameniulia mtoto."

Ngiri akainamisha kichwa. "Pole sana, mama. Lakini maji yakishatoka hapa si yetu tena. Yanakwenda zake."

"Yanakwenda wapi?"

"Huko chini."

"Huko chini ndiko kwangu!"

Nyani waliokuwa wakikoga wakacheka, kwa kwa kwa! Ngiri akajikuna. "Basi hama. Vijito ni vingi."

Fisimaji akashuka. Hakuweza kukaa. Akapanda tena, akasimama penye mfereji, akautazama. Akashuka. Akapanda. Kiu ya Zamia ilikuwa ikimlilia masikioni, naye hakujua aifanyeje hasira yake.

Mwishowe akaokota jiwe. Akalitupa mferejini, gubu! Akaongeza tope, pwata! Jiwe, gubu! Tope, pwata! Jiwe, gubu! Tope, pwata! Mfereji ukaziba. Ile chururu ikanyamaza.

"Sasa kaeni nayo," akasema.

Nayo maji yakakaa. Yakakaa, yakajaa, yakapanda. Yakarudi mjini yalikotoka. Yakaingia jikoni, yakaingia malazini, yakaingia kwenye mashimo. Mnajua ngiri hulala shimoni? Basi ndani ya shimo la Jumbe alikuwamo mama yake, bibi kizee asiyeweza kutembea.

"Mama! Mama yangu yumo ndani!"

Ngiri alilia, akatia kichwa shimoni, akakitoa, asione kitu. Nyani wakarukia mitini. Fisimaji alisikia kilio kile. Moyo ukamwambia: waache, nao wayaonje. Lakini miguu ilikwisha kuondoka. Akakimbia, akafika, akajitosa kwenye uchafu ule ule uliomuua Telezi. Chubwi!

Kimya.

Ngiri anazunguka shimo. Anazunguka. Anazunguka.

Pwaa! Fisimaji akaibuka, amemng'ata bibi kizee sikio asimponyoke. Akavuta, Ngiri naye akavuta, wakamtoa nje. Kisha Fisimaji akakimbilia mferejini, akayang'oa mawe, maji yakashuka.

"Ahsante," alisema Ngiri. "Ahsante, mama. Lakini mfereji umezibwa na nani?"

"Mimi," akajibu Fisimaji. Hakuficha.

Ngiri akainua pembe zake. Nywele za mgongo zikasimama. Mara bibi kizee akakohoa, akatema maji meusi.

"Mwanangu, shusha pembe hizo. Alichofanya ni kibaya, karibu kiniue. Lakini leo nimeyanywa. Nimeyanywa maji tunayompelekea huyu mama kila siku. Ukimgusa, usiniite mama tena."

Ngiri akashusha pembe. Akachimbachimba ardhi kwa kwato. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Fisimaji, mtoto wako aliitwa nani?"

"Telezi."

"Sikuuliza siku ile."

"Hukuuliza."

Wakaitana wote. Mfereji hauwezi kuzibwa. Mfereji hauwezi kuachwa. Tufanyeje? Muhanga, hodari wa kuchimba, akachimba bwawa kubwa chini ya mji, ili maji yatuame humo. Uchafu mzito ukazama chini. Lakini maji ya juu yakatoka bado yananuka.

"Tumeshindwa!" wakasema nyani.

"Chimba jingine," akasema Fisimaji.

Bwawa la pili wakalipanda matete, yakashikana mizizi, maji yakapita katikati yake polepole, yakichujika. Bwawa la tatu likawa pana, la kina kifupi, lipigwe jua. Maji yakatoka huko yamebadilika rangi, yakateremka bondeni taratibu.

Wakashangilia, wakaenda zao. Fisimaji hakwenda. Akawa yuko bwawani asubuhi, yuko bwawani jioni, ananusa. Na ikawa vizuri. Maana siku zilipopita, tope likajaa bwawa la kwanza, na maji yakaanza kupita meusi tena.

"Zamu ya nani kuzoa tope?" akapiga kelele.

Nyani wanatazama juu.

"Zamu yetu," akasema Ngiri. Akaingia yeye kwanza, jumbe mzima, tope kifuani. Nyani wakaona haya, wakashuka mitini, wakaingia. Tangu hapo wakazoa kwa zamu, na tope lenyewe wakalianika mbali na kijito.

Mvua zikaja, zikakisuuza kijito. Dagaa wakarudi kucheza ukingoni. Fisimaji akawatazama. Akaingia yeye kwanza, akazama, akaibuka. Akangoja. Siku ya kwanza hakumruhusu mtoto. Siku ya pili hakumruhusu.

"Mama, sasa?" aliuliza Zamia.

"Bado."

"Mama, sasa?"

Fisimaji akasogea pembeni. "Haya. Nenda."

Chubwi! Maji yakamfunika Zamia. Mama akasimama ukingoni, vidole vimeng'ang'ania udongo. Hakukaa. Hakupepesa macho. Hakukaa mpaka kichwa kidogo kilipochomoza ng'ambo, kinacheka, kina samaki mdomoni.

Ndipo akakaa.

Sikieni basi, wadogo kwa wakubwa. Maji machafu hayapotei kwa kuwa hatuyaoni tena. Yana njia, na njiani wanaishi wengine. Aliyeyachafua ayasafishe kabla hayajamfikia jirani, na asichoke kuyasafisha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mimi nimeinyamazia, nanyi kaisemeni kwenu.