Kichwa cha Kolekole

Mashavu alikuwa anakamua blanketi, ncha moja kaikanyaga kwa mguu, nyingine anaisokota kwa mikono miwili, Saumu alipofika mbio kutoka gatini.

"Mama! Chewa kaimeza boti ya maji! Na baba yumo!"

Chewa huyo hakuwa samaki. Alikuwa chombo cha chuma cha maharamia, kinachopita chini ya bahari na kufunua taya mbele kama chewa mwenye njaa. Kisiwa cha Ukombe hakina kisima. Maji yote ya kunywa huletwa na boti ile, na nahodha wake ni Makame, mume wa Mashavu.

Mashavu hakupiga kelele. Alikuwa amechoka tangu alfajiri, na kelele nazo ni kazi.

Nyumbani mwake walikuwamo watatu wenye vipaji. Saumu, binti mdogo, alikuwa na masikio: akizamisha kafi majini na kutia mpini sikioni, alijua chombo gani kinapita na kinaelekea wapi. Mbarouk, kaka yake Mashavu, alikuwa na mikono: injini iliyokufa aliibembeleza kwa spana na matusi mpaka ikakohoa na kufufuka. Na Raya, binti mkubwa wa miaka kumi na mitano, alikuwa na moyo usiojua kurudi nyuma, jambo ambalo mama yake alilihesabu kuwa ni maradhi.

Boti iliyobaki ilikuwa moja, mbovu, kuku wanatagia ndani. Mbarouk akawafukuza kuku. Raya akalipokonya blanketi mikononi mwa mama yake.

"Halijakauka hilo!"

"Ndivyo ninavyolitaka, mama."

Mashavu naye akapanda. Boti ilivuja kama kikapu, akashika ndoo. Asubuhi kafua nguo, mchana anafua maji.

Saumu akazamisha kafi, akafumba macho. "Kushoto. Kushoto zaidi, mjomba. Sasa anapanda, anataka kupumua." Na kweli, bomba la chuma likachomoza mbele yao, na mgongo chini yake. Ilikuwa pua ya Chewa, inayovutia hewa ya injini.

Papo hapo injini ya boti ikazima. Mbarouk akainama, akaitukana mama yake na bibi yake, akang'oa waya huku akaufunga kule. Ikawaka wakati pua imeshaanza kuzama tena, wakaifikia kwa nafasi ya pumzi moja.

Raya akaruka. Alitua juu ya mgongo wa Chewa, akateleza, akajishika, akalishindilia blanketi bichi puani kwa ngumi na magoti. Injini ya Chewa ikapaliwa. Moshi ukajaa ndani, Chewa akaibuka mzima, maharamia wakafungua taya kutafuta hewa, wakatokea wakikohoa kama wavuta kiko. Boti ya maji ikachomoka katikati yao, Makame akiiendesha kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umevunjika.

Hayo ni ya zamani, kabla maharamia hawajaanza kulikimbia jina la mmoja wa hawa. La nani, sisemi. Nikisema, swali langu la mwisho mtalijibu upesi.

Jioni Mashavu alipika kolekole wa nazi. Ukombe wana desturi: kichwa cha samaki ni cha nahodha. Atakayepakuliwa kichwa usiku ndiye atakayeng'oa nanga asubuhi, na hapo hakuna wa kupinga. Boti ilikuwa imemezwa ikiwa tupu, matangi ya kisiwa yalikuwa yamebaki na matope, safari ya kesho haikwepeki.

Makame akasukuma sahani yake. "Mie kichwa sikili leo. Mwenye upawa aamue."

"Basi ni changu," Raya alisema. "Nani aliyeruka?"

"Ungeruka wapi?" Saumu akauliza. "Bila masikio yangu ungelitia blanketi kwenye pua ya pomboo."

Mbarouk akacheka. "Na bila mie mngefika kwa kupiga makasia ya ulimi, wanangu. Ulimi mnao."

"Mjomba, wewe ukiwa usukanini unasinzia," Raya akadakia.

"Na wewe ukiwa usukanini hujui kurudi."

Raya alikuwa anamtazama mama yake, hakuwahi kumtazama hivyo kwa kitu chochote, hata nguo ya Idi. Mashavu aliyaona macho yale. Akimpa kichwa, bahari imemchukua binti huyu moja kwa moja. Akimnyima, binti atamchukia chini ya paa lake mwenyewe.

"Blanketi langu liko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua.

Wali ulikuwa mezani, mchuzi unatoa mvuke. Akawahesabu kama kila usiku: Makame na bandeji yake, Mbarouk, Saumu, Raya. Na yeye, viganja vimechubuka kwa mpini wa ndoo. Wote wapo. Akakiteka kichwa cha kolekole kwa upawa, akakiinua juu ya sahani, mchuzi ukidondoka.

Ninyi mnaosikiliza, mmeshiba ama mna njaa: upawa huo ungekuwa mkononi mwako, ungeushusha sahani ya nani?